Mashine zimefika, vitabu viko wapi? Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya na elimu

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Afya na Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Na kwa wakuu wa vyuo vyote vinavyofundisha radiolojia.

YAH: VITABU VYA KUFUNDISHIA UPIGAJI NA USOMAJI WA PICHA ZA HOSPITALI

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mkufunzi wa stashahada ya radiolojia huku Kanda ya Ziwa. Asubuhi niko darasani, mchana nasimama na wanafunzi kwenye chumba cha eksirei cha hospitali tunayofanyia mazoezi. Ni mwaka wa kumi na nne sasa. Chuo changu sikitaji, kwa sababu wenzangu wa vyuo vingine tukikutana kwenye semina tunasimuliana hadithi ile ile, na sitaki mkuu mmoja wa chuo abebe mzigo ulio wa wengi.

Maktaba yetu ina nakala moja ya kitabu kikubwa cha usomaji wa picha za kifua. Wanafunzi ni sitini na wawili. Mkutubi haruhusu kitoke nje, na namuunga mkono, kwa sababu kikipotea ndiyo basi. Kwa hiyo wanachosoma vijana ni kopi yake. Tena siyo kopi iliyotolewa kitabuni: ni kopi ya kopi ya darasa lililotangulia, nalo lilitoa kwenye kopi ya darasa lililokuwa mbele yake, pale kwa yule kijana wa stesheneri nje ya geti.

Maandishi yanastahimili safari hiyo. Picha hazistahimili. Eksirei ni kazi ya kijivu: ugonjwa wote umejificha kwenye tofauti kati ya kijivu hiki na kijivu kilicho pembeni yake. Mashine ya kopi inajua nyeusi na nyeupe, basi. Mapafu yanatoka meusi kama kaniki, mbavu zinatoka kama mistari ya chaki, na katikati yake hakuna kitu. Chini ya picha pameandikwa kwamba mshale unaonyesha kivuli kidogo cha mviringo kwenye ncha ya pafu la kulia. Mshale upo, umetoka vizuri kabisa. Kivuli hakipo. Mwanafunzi afanyeje? Anakariri maelezo.

Mwaka juzi nilikuwa na binti mmoja mwenye bidii kuliko wote darasani kwake. Ukimuuliza dalili za kifua kikuu kwenye picha, anakutajia zote bila kukwama, na kurasa anakutajia. Siku ya mtihani wa vitendo nikamfungulia kwenye skrini picha ya mgonjwa halisi. Ugonjwa ulikuwa wazi, tundu lipo juu ya pafu, hata mimi nilidhani nimempa swali rahisi mno. Akaitazama muda mrefu. Akasogea karibu, akarudi nyuma. Mwishowe akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mbona hii haina mshale?"

Sikumkata alama. Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha mwembe hadi nilipotulia, ndipo nikarudi kuendelea na wengine. Binti yule leo yuko kazini, wilaya ya mbali, na yeye ndiye anayepiga picha zote za wilaya hiyo.

Waheshimiwa, siandiki kulalamika kwamba Serikali haijafanya kitu. Nakumbuka vizuri mwaka 2021, zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa zilipotangazwa, na sehemu yake ikanunua mashine za CT, zile zinazopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Mtu aliyewahi kumsindikiza mgonjwa mwenye jeraha la kichwa kwa basi kwenda mji mwingine kutafuta kipimo hicho anajua maana yake. Nilishukuru, na bado nashukuru. Lakini mashine ya CT kwa mgonjwa mmoja inatoa vipande vya picha kwa mamia, na kila kipande kinahitaji jicho lililofundishwa. Mashine inakuja na fundi wa kuifunga, inakuja na mkataba wa matengenezo, inakuja na mafunzo ya siku chache ya kubonyeza vitufe. Sijawahi kuona imekuja na kitabu.

Na hata tukipata kitabu, kuna jambo la pili, ambalo mimi naliona zito kuliko bei. Vitabu hivi vimeandikwa kutoka kwenye miili na magonjwa ya watu wengine.

Chukueni kichocho. Huku kwetu ziwani mtu anakipata akiwa mtoto, anaoga, anachota maji, anasaidia kuvuta nyavu. Kichocho cha tumbo kikikaa miaka, kinajenga makovu ndani ya ini, kufuata njia za ule mshipa mkubwa unaoingiza damu ya utumbo kwenye ini. Ukiweka ultrasaundi unaona mikanda minene myeupe kando ya mishipa, na ukikigeuza kile kifaa cha mkononi ukauona mshipa kwa upana wake, unaona pete nyeupe yenye tundu jeusi katikati. Bandama imevimba. Siku moja mishipa ya umio, ile njia ya chakula kwenda tumboni, inapasuka na mtu anatapika damu.

Mvuvi mmoja wa makamo aliletwa kwetu kutoka visiwani akiwa katika hali hiyo. Mwanafunzi aliyekuwa zamu akampima, akaandika kwenye fomu: sirosisi, yaani ini lililoharibika na kukakamaa, huenda ni pombe. Nilimwita pembeni. "Umemuuliza baba kama anakunywa?" Hakuwa amemuuliza. Tulipomuuliza, mzee akasema hajawahi kuonja pombe maishani mwake, na mkewe aliyekuwa ameshika mfuko wa nguo akaitikia kwa kichwa. Kijana wangu hakuwa mzembe. Kitabu chake kilimpa kurasa nyingi za sirosisi, na kichocho kilipewa aya moja kwenye sura ya magonjwa ya nadra. Nadra kwa nani? Na tofauti hii siyo ya maneno. Mwenye makovu ya kichocho mara nyingi ini lake bado linafanya kazi yake vizuri. Anahitaji dawa ya prazikwanteli na kushughulikiwa ile mishipa ya umio. Hastahili kuambiwa mbele ya familia yake kwamba ini limekufa kwa ulevi.

Kinachoniuma ni kwamba mwongozo upo. Wataalamu walikutana Niamey, Niger, mwaka 1996, wakakubaliana namna moja ya kupima ini la mgonjwa wa kichocho kwa ultrasaundi, wakazipa sura za ini herufi kuanzia A hadi F, na Shirika la Afya Duniani likauchapisha mwongozo huo mwaka 2000. Ni kijitabu, na hakiuzwi. Mimi nilikuja kukifahamu nikiwa na miaka sita kazini, kwa kuonyeshwa na daktari mgeni aliyepita. Hakikuwa kwenye mtaala wangu, na hadi leo hakimo kwenye orodha ya vitabu vya lazima ninayokabidhiwa kila mwaka wa masomo unapoanza.

Twende kwa mama wajawazito. Mashine ya ultrasaundi ikipima kichwa, tumbo na mfupa wa paja la mtoto, inaandika yenyewe wiki za mimba na uzito. Mama anaambiwa mtoto ni mdogo, au mtoto yuko sawa, na anaondoka na neno hilo. Mara nyingi hesabu iliyomo ndani ya mashine ni ile ya Frank Hadlock na wenzake, waliyoitoa kwa wajawazito wa Houston, Texas, miaka ya 1980. Sisemi ni hesabu mbaya, imesaidia wengi. Nasema mwanafunzi hajui inatoka wapi, kwa sababu hakuna aliyemwambia aulize. Mwaka 2014 ulitoka utafiti mkubwa uliofuata wajawazito katika maeneo manane ya dunia, mawili kati ya hayo yakiwa Parklands ya Nairobi na Muscat ya Oman, na watafiti wakasema watoto wa akina mama wenye afya na lishe nzuri wanakua kwa kulingana popote walipo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likatoa chati zake kutoka nchi kumi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikiwemo, na lenyewe likaona kuna tofauti kati ya nchi na nchi. Mnaona darasa zuri lililopo hapo? Tafiti mbili kubwa hazikubaliani, na jambo lenyewe linamhusu mama aliye kwenye benchi letu leo asubuhi. Ningekuwa na kitabu cha mbinu za utafiti kinachoanzia hapo, ningefundisha mwezi mzima bila mwanafunzi kusinzia.

Badala yake somo la mbinu za utafiti ndilo linaloogopwa kuliko yote. Vijana wanalifaulu kwa kunakili. Sura ya tatu ya ripoti ya utafiti, ile ya mbinu, huwa inarithishwa: nimekuta ripoti tatu za miaka mitatu tofauti zenye kosa lile lile la herufi kwenye sentensi ile ile. Nimewakemea. Kisha nikafungua kitabu wanachotumia nikakuta mifano ya kura za maoni na mauzo ya magari, nikaelewa kwa nini wananakili.

Hili nalo si jambo la nadharia. Hebu tufanye hesabu moja ambayo kila mtu wa vipimo anapaswa kuwa nayo kichwani. Kipimo kinasifiwa: kati ya wagonjwa 100 kinawagundua 90, kati ya wazima 100 kinawaachia 90. Kipeleke kliniki ya kifua ambako katika watu 1,000 wenye kikohozi kirefu 200 wana kifua kikuu. Kitagundua 180, na kitawashika kimakosa wazima 80. Ukiambiwa na kipimo hicho kwamba unaumwa, uwezekano wa kuumwa kweli ni kama saba katika kumi. Sasa kipakie kipimo hicho hicho kwenye gari, kipeleke kijijini kupima kila mtu, ambako katika 1,000 wagonjwa ni 10. Kitagundua 9, na kitawashika wazima 99. Sasa anayeambiwa anaumwa ana nafasi moja tu katika kumi na mbili ya kuumwa kweli. Mashine ni ile ile, mtaalamu ni yule yule, jibu la karatasi ni lile lile. Kilichobadilika ni watu waliosimama mbele yake.

Tangu Machi 2021 Shirika la Afya Duniani limeruhusu programu za kompyuta kusoma eksirei za kifua badala ya binadamu, katika kuchuja watu wa miaka 15 na zaidi wanaopimwa kifua kikuu. Ni jambo jema kwa wilaya isiyo na daktari bingwa wa radiolojia. Lakini programu hizo zinatoa alama, na lazima mtu aamue alama gani ndiyo mpaka kati ya kumwita mgonjwa na kumrudisha nyumbani. Mpaka unaofaa kliniki ya mjini haufai gari la kijijini, kwa sababu ile ile ya hesabu niliyoionyesha. Ataamua nani? Muuzaji?

Nawakumbusha kwamba maneno yenyewe tunayoyatumia, sensitiviti (uwezo wa kipimo kuwagundua wagonjwa) na spesifisiti (uwezo wake wa kuwaachia wazima), yalienea kwenye tiba kupitia makala ya Jacob Yerushalmy ya mwaka 1947, na makala ile ilizaliwa na eksirei za kifua kikuu huko Marekani. Wasomaji wazoefu walipewa picha zile zile, hawakukubaliana. Msomaji mmoja akipewa tena picha alizokwisha kuzisoma, alipingana na yeye mwenyewe. Somo hili la vipimo limetoka kwenye chumba kama changu. Na Allan Cormack, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Godfrey Hounsfield kwa kazi iliyozaa mashine ya CT, alianza kulifikiria jambo hilo mwaka 1956 akiwa Cape Town, mwalimu wa fizikia aliyeombwa kusimamia mionzi katika Hospitali ya Groote Schuur siku moja na nusu kwa wiki. Alikuwa anasaidia tu. Alitazama namna tiba ya mionzi inavyopangwa, akajiuliza kwa nini hatujui miale inavyopungua ndani ya mwili sehemu kwa sehemu. Nawasimulia wanafunzi wangu habari hii kila mwaka, ili wajue kwamba swali kubwa linaweza kuanzia katika hospitali ya Afrika.

Sasa ninachoomba.

Kwanza, mkataba wowote wa kununua mashine ya picha uwe na fungu la vitabu. Shilingi moja tu katika kila shilingi mia ya bei ya mashine, iende kwa vyuo na hospitali zinazofundisha kanda ile, na iandikwe kwenye zabuni kama linavyoandikwa fungu la matengenezo. Kwa bei za mashine za CT, shilingi hiyo inajaza kabati kadhaa. Vitabu vya radiolojia ni ghali, kitabu kimoja cha juzuu mbili kinafika dola mia kadhaa, na mkufunzi hawezi kukinunua kwa mshahara, sembuse mwanafunzi.

Kuhusu majarida na vitabu vya mtandaoni, mlango upo tangu mwaka 2002. Mpango wa Hinari unazipa taasisi za nchi zenye kipato kama chetu machapisho ya afya bure au kwa ada ndogo. Ila taasisi ndiyo inayosajiliwa, siyo mtu. Naomba pawe na ofisa mmoja wizarani ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila chuo cha afya na kila hospitali ya wilaya imesajiliwa, na nywila imewafikia wakufunzi. Kwetu ilikuwa inajulikana na mtu mmoja, akahama, ikahama naye.

Lakini ombi langu kubwa, lile ambalo nikipewa moja tu ningechukua hilo, ni atlasi yetu wenyewe, yaani kitabu cha picha za magonjwa yetu. Picha tunazo! Kila siku hospitali za nchi hii zinapiga picha za kichocho, za kifua kikuu kilichochanganyika na Virusi vya UKIMWI, za mapafu ya wachimbaji wa madini yaliyojaa vumbi la mawe, za mifupa ya watoto wa selimundu, za uvimbe wa taya wa watoto ule ambao Denis Burkitt aliuandikia kutoka Uganda mwaka 1958. Zinakaa kwenye seva, seva ikijaa zinafutwa. Tunazifuta, halafu tunaagiza kitabu kutoka ng'ambo chenye picha moja ya ugonjwa wetu. Wekeni jopo la madaktari bingwa wa radiolojia, wataalamu wa mionzi na wakufunzi. Picha zitolewe majina na namba zote za mgonjwa kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na kazi ikikamilika iwekwe mtandaoni bure, katika ubora wake wote wa kijivu, kila mwenye simu aipakue. Röntgen mwenyewe alipogundua miale ya eksirei huko Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895 alikataa kuikatia hataza. Hatukuanza na ubahili katika fani hii.

Na atlasi hiyo iwe na Kiswahili. Najua wapo watakaosema istilahi hazipo, na BAKITA na wataalamu wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili wana kazi ya kufanya hapo. Mimi nazungumzia kitu cha karibu zaidi. Mwanafunzi wangu anajifunza kwa Kiingereza jinsi ya kumwandaa mgonjwa, kisha anatoka kukutana na bibi wa miaka sabini. Anamwambia, "Bibi, pumua." Bibi anapumua: anavuta, anaachia, anavuta. Picha inatoka imetikisika, inarudiwa, na bibi anapigwa mionzi mara mbili kwa sababu ya neno moja. Tulikaa na darasa tukajaribu maneno mpaka tukapata yanayofanya kazi: "Bibi, vuta pumzi ndani, ijae kifuani, ibane hapo hapo, usiiachie mpaka nikwambie." Tangu hapo picha za kurudia zimepungua katika chumba chetu. Vivyo hivyo namna ya kumuuliza dada kuhusu siku zake kabla ya kumpiga picha ya nyonga, ukiwa umemwomba mama mkwe aliyemsindikiza asubiri kidogo nje. Hakuna kitabu nilichowahi kukishika chenye ukurasa huo.

Kwa upande wangu, nina picha 140 ambazo nimezikusanya kwa kibali cha hospitali, zimeondolewa majina, nyingi ni za ini la kichocho na kifua, kila moja na maelezo yake kwa Kiingereza na Kiswahili. Nitazikabidhi bila malipo siku jopo litakapoundwa. Nipo tayari pia kuja Dodoma kwa nauli yangu kueleza zaidi, wakati wowote nje ya wiki za mitihani.

Nimeambatanisha ule ukurasa wa kifua, kama ulivyo mikononi mwa wanafunzi wa mwaka huu. Naomba muutazame kabla ya kusoma maelezo yaliyo chini yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi wa radiolojia, Kanda ya Ziwa

Kiambatisho: ukurasa mmoja